Karlsson aliondoka, Stone akaondoka: kosa lilikuwa la mwenye timu?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Mombasa, ila naishi Ottawa tangu 2010. Hoki ya barafuni nilianza kuitazama kwa ajili ya watoto, sasa mimi ndiye ninayepiga kelele kuwashinda. Timu yangu ni Senators ya hapa Ottawa, kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani Kaskazini. Kinachoniuma hadi leo ni jinsi walivyomuuza Erik Karlsson 2018, halafu Mark Stone miezi michache baadaye, tukaambiwa tusubiri watoto wa miaka 18 watakaopatikana kwenye drafti. Mume wangu anasema yule mwenye timu wa zamani alitia pesa mfukoni, na huyu mpya ni yale yale, ipo siku atamuuza hata Brady Tkachuk. Kaka yangu anabisha, anasema biashara ya Karlsson ndiyo bora kuliko zote walizowahi kufanya. Nani anasema kweli? Na jingine: kijana wangu ana miaka 14, anacheza beki. Kuna bwana ametufuata uwanjani, anataka tusaini karatasi awe mshauri wake mpaka drafti ya NHL. Tusaini?"*

Dada yangu, la kijana nitalifikia mwishoni. Huyo bwana akirudi kabla hujamaliza kusoma, mwambie asubiri. Msisaini kitu. Sasa tuje kwa Senators.

Nikikusoma vizuri, wachezaji wazuri kuondoka siko kunakokuuma hasa, maana huondoka kila mahali. Unaumia kwa kuhisi kwamba timu uliyoipa moyo wako ilikuwa mali ya mtu mmoja, na mtu huyo hakukuwazia wewe wala wanao. Hisia hiyo ina msingi na sitajaribu kukuondolea yote. Ila mume wako na kaka yako wanabishana juu ya siku ileile, siku ya tangazo, mchezaji anapobadili jezi. Siku hiyo mwenye timu huwa ameshamaliza kazi yake zamani. Aliifanya mwaka mmoja au miwili nyuma, na huko ndiko nitakakokupeleka.

Kwanza tuondoe hili la pesa mfukoni. Sisi tumekulia kwenye soka, ambako klabu ikimtoa mchezaji inalipwa ada ya uhamisho. NHL haiko hivyo. Tangu makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2005, timu haziruhusiwi kulipana pesa ili kupata mchezaji. Mchezaji hubadilishwa kwa wachezaji wengine, kwa haki za chipukizi, au kwa zamu za drafti, yaani nafasi ya kuchagua kijana pale timu zote zinapoita majina kwa mpangilio kila mwaka. Tarehe 13 Septemba 2018, Karlsson alipopelekwa San Jose, hakuna hundi iliyotoka California kumwendea Eugene Melnyk, mwenye timu wa wakati huo. Ottawa ilipokea Chris Tierney, Dylan DeMelo, Josh Norris, Rudolfs Balcers na zamu za drafti, mojawapo ya raundi ya kwanza.

Lakini mume wako asinyamaze bado, kwa sababu kuna njia nyingine ya kubaki na pesa, nayo ni kutozilipa. Ligi ina kikomo cha juu cha mishahara ya timu nzima, na ina kiwango cha chini ambacho kila timu lazima ikifikie. Msimu wa 2018-19 kikomo cha juu kilikuwa dola milioni 79.5 na cha chini milioni 58.8. Katikati hapo kuna zaidi ya dola milioni 20 ambazo mwenye timu anaamua mwenyewe kuzitumia au kutozitumia. Mwenye uwezo na nia hupanda hadi juu. Aliyebanwa hutambaa karibu na sakafu.

Na sakafu yenyewe ina ujanja. Ligi huhesabu wastani wa mkataba kwa mwaka, haihesabu pesa iliyotoka benki mwaka huo. Julai 2019 Ottawa ilimchukua Ryan Callahan kutoka Tampa Bay. Callahan alikuwa na ugonjwa wa mgongo uliokwisha kumstaafisha, na kila mtu alijua hatagusa barafu akiwa na jezi ya Ottawa. Kwenye hesabu za ligi alisomeka kama mchezaji wa dola milioni 5.8. Kwenye daftari la timu, sehemu kubwa ya mshahara wake ilibebwa na bima. Kwa hiyo timu ilionekana inalipa kumbe hailipi. Yote yalikuwa halali kwa kanuni za wakati huo, na Ottawa haikuwa peke yake kufanya hivyo. Mumeo akitaka ushahidi wa ubahili, jina la Callahan litamsaidia kuliko la Karlsson.

Utauliza: tajiri gani huyo asiye na pesa? Hapo ndipo mashabiki wengi wanapochanganyikiwa, na si wa Ottawa tu. Melnyk aliinunua timu mwaka 2003 ikiwa mufilisi, kwa takriban dola milioni 92 za Marekani. Alifariki Machi 2022. Septemba 2023 ligi iliidhinisha mauzo kwa Michael Andlauer, kwa bei iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 950, huku mabinti wa Melnyk, Anna na Olivia, wakibaki na asilimia 10. Ni mara kumi ndani ya miaka 20. Lakini faida hiyo huiwezi kuila kabla hujauza. Mwenye timu wa aina hii ni kama mtu mwenye kiwanja Nyali: kila mwaka thamani inapanda, majirani wanamwita tajiri, na mwisho wa muhula anahangaika na karo. Melnyk alikuwa na madeni, uwanja ulio Kanata mbali na katikati ya mji, na viti vilivyokuwa vikipungukiwa watu. Akabana matumizi. Mtu anaweza kuwa tajiri na kubanwa kwa wakati mmoja, na timu ikaumia katika pengo hilo.

Alipobanwa akakosea na maneno. Desemba 2017, timu ikijiandaa kucheza na Montréal katika mechi ya nje pale Lansdowne, mechi ya kusherehekea miaka 100 ya ligi, akawaambia waandishi kwamba hali ya mahudhurio ikiwa mbaya anaweza kuihamisha timu. Mkesha wa sherehe! Mashabiki wakachangishana, na mwaka uliofuata mabango ya kumtaka aondoke yakasimama barabarani. Nayajua maumivu hayo, lakini mabango yale yasingeweza kumwondoa. Gor Mahia ina wanachama na uchaguzi, hata kama uchaguzi wenyewe una vurugu zake. Timu ya NHL ina mwenyewe, na wanaoweza kumpitisha au kumkataa mnunuzi ni wenye timu wenzake. Shabiki hana kura. Ana tiketi tu, ya kununua au kutonunua.

Sasa hebu turudi nyuma ya siku ya tangazo. Katika NHL mchezaji huwa huru kabisa akifikisha miaka 27 au misimu 7 ya kuhesabika ligini. Kabla ya hapo timu ina mamlaka makubwa juu yake. Baada ya hapo anaondoka mkataba ukiisha, na timu haipati chochote. Kwa hiyo mchezaji anapoingia mwaka wa mwisho wa mkataba, timu ina njia tatu: kumwongezea mkataba, kumbadilisha, au kumtazama akienda bure. Kila mwezi unaopita, bei ya njia ya pili inashuka, kwa sababu timu inayomtaka inajua itakaa naye miezi michache tu kabla hajawa huru. Mkataba wa Karlsson ulikuwa unaisha kiangazi cha 2019. Alipoondoka Septemba 2018 alikuwa amebakisha msimu mmoja. Ottawa ilikuwa imechelewa, ila haikuwa imechelewa kabisa.

Stone ndiye anayenisikitisha mimi. Kiangazi hicho hicho cha 2018 alikuwa na miaka 26, bado chini ya mamlaka ya timu. Huo ndio ulikuwa wakati wa kumfunga kwa miaka 6, 7 au 8. Wakafika ukingoni mwa kesi ya usuluhishi wa mshahara, na tarehe 3 Agosti wakasaini mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni 7.35. Mwaka mmoja! Isome tena namba hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomwondoa Stone, miezi 6 kabla hujapata habari. Mkataba wa mwaka mmoja kwa mchezaji wa umri ule ulikuwa daraja la kumvusha moja kwa moja hadi uhuru wa Julai 2019. Kila meneja mkuu katika ligi aliliona. Februari 2019 ilipofika, Ottawa iliwatoa Matt Duchene, Ryan Dzingel na Stone ndani ya siku nne, Stone akiwa wa mwisho, tarehe 25, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Muuzaji mwenye haraka kiasi hicho hapangi bei.

Vegas ikatoa Erik Brännström, Oscar Lindberg na zamu ya raundi ya pili. Meneja mkuu wa Ottawa, Pierre Dorion, akasema hadharani kwamba anaona fahari. Lindberg aliondoka msimu ulipoisha. Brännström alikuwa beki kijana aliyechaguliwa wa 15 mwaka 2017, akacheza Ottawa misimu kadhaa bila kuwa yule waliyemngoja, na kiangazi cha 2024 timu haikumpa mkataba mpya. Stone alisaini Vegas miaka 8, akawa nahodha, na usiku wa tarehe 13 Juni 2023 akafunga mabao matatu peke yake katika mechi ya fainali waliyoshinda 9-3 na kubeba Kombe la Stanley. Hapa sina la kumtetea mtu. Mume wako ameshinda raundi hii.

Raundi ya Karlsson ni ya kaka yako, lakini hataki kukwambia kwa nini. Zamu ya raundi ya kwanza waliyopewa na San Jose ilikuwa na sharti: San Jose ikiingia mtoano 2019, Ottawa inachukua zamu ya 2020. San Jose iliingia, tena ikafika fainali ya kanda ya magharibi. Ikampa Karlsson mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 11.5 kwa mwaka. Wakati huo mtu yeyote mwenye akili angedhani zamu ile itakuwa ya ishirini na kitu. Halafu San Jose ikaporomoka. Msimu wa 2019-20 ikamaliza ya tatu kutoka mkiani, na hadi 2025 ilikuwa haijarudi mtoano. Zamu ile ikawa ya tatu katika drafti nzima, na Ottawa ikamchukua Tim Stützle, Mjerumani aliyetokea Mannheim. Labda unakumbuka usiku ule wa Oktoba 2020: drafti ilifanyika kwa mtandao kwa sababu ya korona, na jina la Stützle lilifunuliwa kwa video na Alex Trebek, mtangazaji wa Jeopardy aliyesoma Chuo Kikuu cha Ottawa, akiwa mgonjwa sana. Alifariki mwezi uliofuata. Norris naye alifunga mabao 35 msimu wa 2021-22, na Machi 2025 akabadilishwa kwa Dylan Cozens wa Buffalo.

Kwa hiyo ndiyo, ni biashara nzuri sana. Lakini Ottawa haikuijua San Jose itaanguka. Ukiwapa mameneja kumi nafasi ileile, mara nyingi wangepata kijana wa zamu ya 25 na tungekuwa tunazungumza lugha nyingine. Timu ileile, mwenye timu yuleyule, ubanaji uleule, miezi mitano tu kati ya biashara moja na nyingine, na matokeo yako mbinguni na ardhini. Ndiyo maana nakuomba usimpime meneja kwa jinsi chipukizi alivyokuja kucheza miaka mitano baadaye. Mpime kwa alichoweza kukijua siku ile, na kwa kama alijiachia muda wa kukataa.

Sasa hawa watoto wa miaka 18. Wengi huamini kwamba timu mbovu hupewa mchezaji bora, basi mambo yanajisawazisha. Si kweli mara mbili. Kwanza, timu ya mwisho haipewi zamu ya kwanza moja kwa moja. Inapewa nafasi kubwa zaidi katika bahati nasibu. Mwaka 2020 Detroit ndiyo iliyoburuta mkia, ikawa na asilimia 18.5 ya kupata namba moja. Ottawa ilikuwa na tiketi mbili, yake ya asilimia 13.5 na ile ya San Jose ya asilimia 11.5, jumla robo nzima. Namba moja ikaenda New York Rangers, timu iliyoshiriki mechi za mchujo kiangazi kile. Detroit ikaangukia ya nne. Ottawa ikapata ya tatu, na ya tano aliyotoka Jake Sanderson.

Kuna kichekesho hapa kwa shabiki wa Ottawa. Msimu wake wa kwanza ligini, 1992-93, timu yenu ilishinda mechi 10, ikapoteza 70 na kutoka sare 4. Zawadi yake ilikuwa Alexandre Daigle, namba moja wa 1993. Maneno yakazagaa kwamba walipoteza mechi za mwisho kwa makusudi, ligi ikafanya uchunguzi, na mwaka 1995 bahati nasibu ikaanzishwa. Ninyi mna mkono katika kanuni inayowatesa. Na Daigle, aliyepewa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 12.25, alijigamba kwamba hakuna anayemkumbuka namba mbili. Namba mbili alikuwa Chris Pronger, beki ambaye sasa yumo katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki. Daigle aliondolewa Ottawa Januari 1998.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, kumtabiri mtu wa miaka 18 ni kazi ngumu hata kwa wanaolipwa kuifanya. Nahodha mkubwa kuliko wote katika historia yenu, Daniel Alfredsson, alichaguliwa wa 133 mwaka 1994, akiwa ameshafikisha miaka 21. Stone huyohuyo unayemlilia alichaguliwa wa 178 mwaka 2010. Kila timu ilimpita, Ottawa yenyewe ikiwemo, raundi baada ya raundi. Karlsson alikuwa wa 15 mwaka 2008, drafti ikifanyika Ottawa, na Alfredsson ndiye aliyesimama jukwaani kutamka jina lake. Sasa angalia: Erik mmoja, Mswidi, beki mdogo wa umbo anayependa kushambulia, wa 15. Brännström naye Erik, Mswidi, beki mdogo wa umbo anayependa kushambulia, wa 15. Sidhani kama kuna aliyewaambia mashabiki waziwazi kwamba wanangoja mwujiza ujirudie, lakini ndivyo ilivyokuwa. Zamu ya drafti ni uwezekano, na thamani yake kubwa ni kwamba kijana akitokea kuwa mzuri analipwa kidogo miaka mitatu ya kwanza, chini ya dola milioni 1 ya mshahara wa msingi kwa mikataba ya kipindi hicho. Kwa mwenye timu aliyebanwa hilo ni tamu mara mbili, na ndiyo sababu ni lazima usikilize kwa makini kila anaposema neno "kujenga upya".

Wakati mwingine neno hilo hufunika ukosefu wa mpango, na Ottawa ilitoa mfano wake. Novemba 2017 walimleta Duchene na kuiahidi Colorado zamu yao ya raundi ya kwanza. Kanuni ya biashara ile iliwaruhusu kuichelewesha mwaka mmoja. Mwaka 2018 walikuwa na zamu ya nne, wakaibakiza na kumchagua Tkachuk. Sawa kabisa. Lakini hiyo ilimaanisha zamu ya 2019 ni ya Colorado, na ndio msimu waliowaondoa wote na kumaliza wa mwisho ligini. Walibomoa nyumba bila kubaki na matofali. Colorado ilimchukua Bowen Byram wa nne, na 2022 akabeba kombe nao. Timu iliyopanga kujenga upya haianzi kwa kumpa jirani zamu yake. Walijikuta humo.

Haya, huyu mpya. Mume wako anasema ni yale yale, na mimi nasema tusubiri, ila kuna dalili mbili tatu. Andlauer alikuta meza chafu. Mwezi wa kwanza na kidogo tu tangu aidhinishwe, ligi iliamua Ottawa ipoteze zamu moja ya raundi ya kwanza kati ya 2024 na 2026, kwa sababu ilipomtoa Evgenii Dadonov kwenda Vegas mwaka 2021 orodha ya timu alizokuwa na haki ya kuzikataa haikushughulikiwa ipasavyo, na Vegas ilipojaribu kumpeleka Anaheim biashara ikabatilishwa. Dorion aliondoka siku ileile, na Steve Staios akashika usukani. Kabla ya hapo, timu ikiwa haina mwenyewe wa kudumu, walikuwa wametoa zamu ya 7 ya 2022 na nyinginezo kumpata Alex DeBrincat, ambaye hakutaka mkataba mrefu, na mwaka mmoja baadaye wakamtoa kwenda Detroit. Kipindi kile cha mnada mlisikia zaidi habari za Ryan Reynolds na Snoop Dogg, nyota waliotaka kuinunua timu, kuliko za mabeki.

Lakini tuwe wakweli: vijana mnaowashangilia leo hakuwaleta Andlauer. Tkachuk alisaini miaka 7 Oktoba 2021, Melnyk akiwa hai. Stützle alisaini miaka 8 Septemba 2022, na Sanderson miaka 8 mwanzoni mwa Septemba 2023, wiki chache kabla mauzo hayajaidhinishwa. Saini ya Tkachuk inaonyesha yule mzee hakuwa bahili kila siku ya maisha yake.

Ninachomsifu Andlauer ni kitu kidogo ambacho hakikufanyiwa sherehe. Juni 2024 Ottawa ilimchukua kipa Linus Ullmark kutoka Boston, akiwa amebakisha mwaka mmoja wa mkataba, hali ileile ya Karlsson na Stone. Oktoba, msimu ukianza, akasainishwa miaka minne zaidi kwa dola milioni 33. Hawakungoja Februari. Unaweza kusema bei ni kubwa kwa kipa wa miaka 31, na mimi sitabishana sana, lakini uamuzi ulifanywa mapema, timu ikiwa bado na nguvu ya kusema ndiyo au hapana. Msimu huo wakarudi mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2017, wakatolewa na Toronto katika mechi sita. Pole kwa hilo.

Kuhusu Tkachuk, basi, usihesabu uvumi wa kila wiki. Mkataba wake unaisha kiangazi cha 2028, kwa hiyo tarehe ya kuandika kwenye kalenda ya jikoni ni 1 Julai 2027, siku atakapoweza kuongezewa mkataba. Miezi miwili ikipita baada ya hapo bila saini, anza kuwa na wasiwasi wa kweli, na ujue kwamba hata kumtoa wakati huo kunaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kungoja Februari 2028. Asipotaka kubaki, hakuna mwenye timu atakayemlazimisha. Mtakapokuwa mnabishana nyumbani, waulize wote wawili mishahara ya timu iko wapi kati ya sakafu na kikomo, na ni wangapi kati ya wanaohesabiwa wanacheza kweli. Hayo yanaonekana hadharani kabla ya biashara yoyote.

Sasa kijana. Drafti ya NHL ni ya waliofikisha miaka 18 ifikapo 15 Septemba ya mwaka huo, kwa hiyo bwana huyo anawauzia kitu kilicho mbali miaka minne. Kilicho karibu ni uteuzi wa ligi ya vijana ya Ontario, OHL, ambao huwafikia vijana katika mwaka wanaotimiza 16. Zamani uamuzi huo ulikuwa mtego: kijana akicheza mechi za ligi hizo kubwa za vijana za Kanada, mlango wa kuchezea vyuo vikuu vya Marekani katika daraja la kwanza ulifungwa. Kanuni ilibadilishwa, na tangu Agosti 2025 mlango uko wazi. Kwa hiyo akikuharakisha kwa hoja kwamba mkichelewa mwana atapoteza chuo, anatumia habari iliyokwisha muda.

Siwezi kukwambia kutoka hapa kama karatasi yake ni mbaya, kwa sababu sijaiona, na hata ningeiona mimi si wakili wa Ontario. Wapo washauri waaminifu wa familia, na kwa kijana mwenye kipaji kikubwa huja kuwa na faida. Muulize kama ameidhinishwa na chama cha wachezaji wa NHL, maana bila idhini hiyo hawezi kuja kumjadilia mkataba wa NHL. Muulize analipwa nini sasa, atalipwa nini baadaye, na mkitaka kuachana naye mnafanyaje. Mwenye kuomba ada ya mwezi kwa mtoto wa miaka 14 simpendi, na mwenye kuahidi zamu fulani ya drafti simpendi zaidi. Baada ya Daigle na Alfredsson unajua kwa nini.

Kisha nendeni kwa watu, ana kwa ana. Kaeni na kocha wake, na mtu wa chama cha hoki cha mtaa wenu asiyelipwa kwa jibu lake, muwaulize bila aibu kijana yuko ngazi gani. Karatasi ipelekeni kwa wakili wa mikataba kabla ya saini yoyote. Chama cha mawakili cha Ontario kina huduma ya kukuunganisha na wakili kwa mazungumzo ya hadi dakika 30 bila malipo, na kwa karatasi ya kurasa mbili tatu hizo zinatosha kuanzia. Kijana aende nanyi asikie mwenyewe. Na leo, kabla ya yote hayo, mwombeni huyo bwana nakala ya kubaki nayo nyumbani.